Mikopo ya halmashauri iguse na vipuri vya cherehani za ngozi

Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa vikundi vinavyoshona viatu, mikanda na mikoba ya ngozi, huo ni mlango ambao benki haziwafungulii kirahisi. Lakini fikra inayotawala mikopo ya aina hii ni kwamba mtaji maana yake ni kifaa kipya. Cherehani ikitoka kwenye boksi inapigiwa makofi na picha ya makabidhiano. Kipuri hakuna anayekipiga picha. Huku nyuma cherehani nzito za zamani, zenye miaka mingi ya kazi mbele yao, zinapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kukosa kitu kidogo kuliko kidole. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya fedha hizo itumike kuzifufua, na kuziwezesha karakana zetu zitengeneze vipuri vinavyowezekana kutengenezwa hapa hapa.

Chukua Singer 29K, ile yenye mkono mwembamba unaoingia ndani ya kiatu. Herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, na kilichofungwa mwaka 1980. Iliyo changa kuliko zote zilizotoka humo imeshavuka miaka 40. Ufundi wake wote umo kwenye mguu. Cherehani ya kawaida ya nguo husukuma kitambaa kwa meno yaliyo chini, lakini hii mguu wenyewe ndio unaovuta ngozi, na unageuzwa kuelekea upande wowote, hivyo fundi huzunguka kiraka bila kukigeuza kiatu. Mwili wake ni chuma cha kusubu, hauishi leo wala kesho. Vinavyolika ni vichache na vinajulikana. Ndani ya mkono ule mna fito zenye meno zinazozungusha kigia kidogo chini ya bobini. Meno yakilika, ncha inayotakiwa kunasa kitanzi cha uzi pale sindano inapoanza kupanda inafika imechelewa, na mshono unaruka. Huko juu kichwani, viungo vinavyoendesha mguu vikilegea, mshono unazidi kufupika, mashimo yanabanana, na ngozi inachanika kwenye mstari wa mshono kama karatasi ya stempu. Hapo ndipo husemwa mashine imezeeka, wakati vipande vyenyewe vilivyolika vinaenea kwenye kiganja cha mkono.

Skrubu ndiyo inayoua zaidi, na haitajwi. Singer walijiwekea vipimo vyao vya skrubu, na sehemu kubwa ya viwanda vya cherehani duniani bado inavifuata. Mojawapo ina kipenyo cha 15/64 ya inchi na hesi 28 kwa kila inchi. Hiyo ni karibu milimita 5.95. Duka la vifaa litakupa ya milimita 6, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tofauti imo kwenye hesi: nafasi kati ya hesi na hesi kwenye ya Singer ni milimita 0.91, kwenye ile ya dukani ni milimita 1. Ukiifunga itaingia mizunguko miwili hivi, itakaza, fundi ataongeza nguvu kwenye bisibisi, na hesi za ndani ya tundu zitasagika. Kuanzia siku hiyo hata skrubu halisi haishiki. Kinachofuata ni kuchomelea, na chuma cha kusubu kikichomelewa kibaridi hivi hivi mara nyingi hupasuka kando ya weldi. Mashine nzima imepotea, na ingeokolewa na tapu ya kipimo hicho, yaani kile chombo cha kuchongea hesi ndani ya tundu, ambacho karakana moja ingekuwa nacho na kukitumia kwa mkoa mzima.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi ya kuvisaidia viwanda vidogo, ina vituo vya kuendeleza teknolojia mikoani. Hao ndio wapewe kazi ya kupima mashine iliyo nzima, kuchora vipuri vyake, kuweka seti ya tapu za vipimo vya cherehani, na kukereza skrubu na bushi. Mafundi wa chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, nao hawashindwi na bushi ya shaba wakipewa mchoro wenye vipimo sahihi. Sindano ziagizwe kwa jumla, na kwa namba: 29x4 ina ncha inayokata ngozi, 29x3 ina ncha ya duara ya kitambaa, na anayeuziwa hii badala ya ile atailaumu mashine bure.

Watakaopinga watasema cherehani ya mkono ya Kichina, ile yenye gurudumu kubwa pembeni, ni rahisi, inapatikana, na kijana anaanza kazi wiki hiyo hiyo. Ni kweli, na sipendekezi asikopeshwe. Ila mashine hizo mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kingo mbichi zinazohitaji tupa kabla hazijashona vizuri, na zikivunjika swali la kipuri linarudi pale pale. Karakana iliyojifunza kwenye 29K itazihudumia hizi pia. Pingamizi la chuma chetu lina uzito zaidi. Ncha inayonasa uzi lazima iwe ya chuma kigumu kilichopikwa na kung'arishwa. Ikichongwa kwa chuma laini itabutuka mapema na kukata uzi. Kipuri hicho tusijidanganye nacho, tukinunue nje, kwa kuwa vipuri vya 29K bado vinatengenezwa. Wapo pia watakaosema nchi inahitaji viwanda vya kisasa, na watataja kile cha viatu cha Karanga mjini Moshi. Kiwanda kile kina kazi yake. Ila buti likishafumuka halirudi kiwandani, linakwenda kwa fundi wa kona.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la hesabu. Bei ya cherehani mpya inajulikana na afisa wa halmashauri anaweza kuiuliza madukani. Ankara ya matengenezo ni rahisi kupuliziwa ikavimba. Lakini hapa Singer wenyewe walitusaidia bila kujua, kwa kuwa vipuri vyao vingi vimegongwa namba, na namba hizo zimo kwenye vitabu vya vipuri walivyochapisha. SIDO ikitoa orodha ya bei kwa namba hizo na kuibandika ofisini kwa afisa maendeleo ya jamii, ankara itakaguliwa kipuri kwa kipuri. Mkopo wenyewe utakuwa mdogo kuliko wa mashine mpya, na cherehani iliyorudi kazini itaanza kuulipa kwa viraka vya wiki ya kwanza.