Kamera, Subira na Daftari

Picha za wanyama wa Afrika Mashariki zimejaa katika kalenda, stempu na kuta za hoteli. Hata hivyo, nyingi kati ya hizo hazimwelezi mtazamaji lolote zaidi ya kwamba simba dume ana manyoya shingoni. Kasoro hii aghalabu husingiziwa vyombo. Hudaiwa kwamba picha njema yahitaji lenzi ndefu ya bei kubwa, na kwamba kwa sababu hiyo kazi hii ni ya watalii na matajiri. Dai hilo halina msingi, nalo limezinyima shule za sekondari njia nzuri ya kufundisha elimu ya viumbe na fizikia kwa pamoja.

Na uchukuliwe mfano wa mnana, yule ndege wa manjano ambaye makundi yake hupiga kelele mitini karibu na nyumba za watu. Dume hufuma kiota kwa nyuzi za majani mabichi. Kazi ikiisha, hujining'iniza kichwa chini penye mlango wa kiota, akapigapiga mabawa ili kumwita jike. Jike huja, huingia, hukagua; asiporidhika huenda zake. Kiota kikikaa siku kadhaa bila kukubaliwa, majani yake hunyauka na kugeuka rangi ya kahawia, na dume hukibomoa mwenyewe ili ajenge kingine. Mtu ajuaye habari hizi hamfukuzii ndege kutoka tawi hadi tawi. Huchagua kiota kimoja kilicho kibichi, hulenga mlangoni, hukaa kimya kwa mbali, na kungoja. Amekwisha kujua ndege atakuwa wapi na atafanya nini. Kilichobaki ni hesabu ya mwanga.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili. Mabawa yapigayo kwa kasi hayaonekani wazi ila mlango wa kamera ukifunguka kwa muda mfupi sana, tuseme 1/1000 ya sekunde. Muda ukipunguzwa kwa nusu, mwanga uingiao nao hupungua kwa nusu, hivyo hapana budi tundu la lenzi lipanuliwe. Na tundu likipanuliwa, kina cha sehemu inayoonekana wazi hupungua. Ndipo mpigapicha analazimika kuchagua, na achague jicho la ndege. Lenzi ndefu nayo humkuza mnyama pamoja na mtikisiko wa mkono. Ndiyo maana iko kanuni ya zamani kwamba lenzi ya milimita 400, ikishikwa mkononi, isitumiwe kwa muda unaozidi 1/400 ya sekunde. Jua la saa sita katika nchi za ikweta huwa karibu na utosi, likayaacha macho ya mnyama katika kivuli cheusi. Asubuhi na jioni miale hupita masafa marefu zaidi hewani, mwanga wa buluu ukatawanyika na ule wa manjano na mwekundu ukabaki. Lakini katika nchi hizo hizo jua hupanda upesi, na anayefika saa tatu asubuhi amekwisha kuchelewa.

Pamoja na hayo yote, picha iliyo wazi bado haijawa elimu. Isipokuwa na tarehe, saa na mahali, ni pambo. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 1966 uliwatambua twiga mmoja mmoja kwa picha za madoa ya shingo. Mwaka 1970 ilichapishwa njia ya kuwatambua simba kwa vitone vilivyo kwenye mizizi ya masharubu, na tangu 1972 tembo wa Amboseli wametambuliwa kwa mipasuko na matundu ya masikio yao. Picha za namna hii hazikuhitaji machweo ya kupendeza. Zilihitaji mnyama apigwe kwa ubavu, na daima ubavu ule ule, kwani michoro ya upande wa kushoto wa pundamilia si sawa na ya upande wa kulia.

Baadhi ya picha zenye thamani kubwa zilipigwa pasipo mtu kuwapo. Kuanzia mwaka 2010 kamera 225 ziliwekwa katika eneo la kilometa za mraba 1,125 za Serengeti, zikijifyatua zenyewe kila kiumbe chenye joto kilipopita mbele yake. Mwaka 2005, katika misitu ya milima ya Udzungwa, kamera kama hizo zilimnasa mnyama mdogo wa jamii ya sange, mwenye uso wa kijivu, ambaye elimu haikumjua. Alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008. Mzuri wa sura au la, swali hilo halikuulizwa.

Liko jambo jingine linalostahili kusemwa bila kuficha. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyechapisha mwaka 1905 picha za usiku za wanyama wa nchi ambayo sasa ni Tanzania, aliwafunga punda na ng'ombe kuwa chambo ili simba waje mbele ya kamera yake. Siku hizi punda hafungwi, lakini magari humzunguka duma hata akakosa windo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Maasai Mara ulionyesha kwamba, penye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea kwa wastani watoto wapatao 0.2 kwa kila uzazi, na penye watalii wachache watoto 2.3. Licha ya ukatili wake, picha ya mnyama aliyesumbuliwa ni ushahidi wa uongo: yaonyesha jinsi mnyama anavyomkimbia mtu, halafu husomwa kana kwamba ndiyo maisha yake ya kawaida.

Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hilo si kikwazo, maana simu ya mwalimu mmoja yatosha. Simu haifai kwa simba aliye mbali. Kwa viota vilivyo juu ya mti wa uwanjani inafaa kabisa. Msimu wa mvua unapoanza, kigingi kipigwe ardhini ili picha ipigwe kutoka mahali pale pale, saa ile ile, kila siku ya masomo. Viota vipewe namba. Mwanafunzi wa zamu aandike daftarini tarehe, hali ya hewa, na kiota kipi ni kibichi, kipi kimekauka, kipi kimebomolewa. Muhula ukiisha picha zipangwe mezani kwa mfuatano, na darasa lihesabu dume wa kiota namba 7 alingoja siku ngapi kabla ya kukata tamaa.