MTOTO NAYE APATE MSEMAJI

Mkulima ana ushirika wake, mfanyakazi ana chama chake. Mtoto hana kura wala kadi, nani atamsemea?

Norway iliweka Msemaji wa Watoto mwaka 1981, nchi ya kwanza duniani. Hulipwa na serikali, lakini wizara haina amri juu ya kauli yake. Hapo ndipo penye nguvu.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009, na maofisa wa ustawi wa jamii wapo. Lakini mtumishi hawezi kumkaripia bwana wake. Tume ya Haki za Binadamu nayo ina mzigo wa watu wote.

Basi tudai Msemaji aliye huru, ajibuye kwa Bunge, asiyeogopa wizara, polisi, mwalimu wala mzazi. Uhuru usiomfikia mtoto ni nusu uhuru.