Nukta nyekundu juu ya bastola: skrubu mbili zinazobeba dhamana yote

Wale mnaolipia saa nzima kwenye kompyuta mkicheza gemu za kurushiana risasi, hii kitu mnaijua: ile nukta nyekundu inayoelea katikati ya kakioo kadogo juu ya bunduki. Kwenye gemu unaiokota chini, unabonyeza, imekaa, unaanza kulenga. Kwenye bastola ya kweli mambo hayako hivyo hata kidogo. Nimeona tuliongelee leo kwa sababu majeshi na polisi wa Marekani wamekuwa wakihamia huko, na ni hela nyingi.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe. Wengi hudhani ni ile taa ya leza inayomulika kifuani mwa mtu kama kwenye sinema. Hapana. Hapa kataa kadogo kanapiga mwanga kwenye kioo kilichopinda kidogo, kioo kinaurudisha kwenye jicho la mpigaji, na yeye peke yake ndiye anayeiona nukta. Wazo ni la kizee: Howard Grubb, mtengeneza darubini wa Dublin, alilisajili mwaka 1900. Ndege za Spitfire za Waingereza zilipigana vita ya pili ya dunia na kioo cha ukoo huohuo. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa chake cha umeme kwa ajili ya bunduki.

Faida iko kwenye jicho. Bastola ya kawaida ina alama mbili za chuma, nyuma na mbele, halafu kuna shabaha. Vitu vitatu, umbali tofauti, na jicho la binadamu linaona vizuri kimoja tu kwa wakati. Ndiyo maana askari hufundishwa kukazia macho alama ya mbele, na mtu aliye mbele yake anabaki ukungu. Ukiwa na nukta, unamwangalia mtu mwenyewe, na nukta inajileta juu yake. Kwa polisi hii si anasa. Ni tofauti ya kuona kama mkononi kuna bastola au simu.

Sasa kwa nini bastola ilichelewa? Kwa sababu ya mahali pa kukifunga. Juu ya bastola kuna lile bomba la chuma linalorudi nyuma kwa nguvu kila risasi inapotoka, wenyewe wanaliita slaidi. Kioo kinakaa hapohapo, kwa hiyo kila risasi kinapigwa kofi, kwenda na kurudi. Zamani ilibidi slaidi ipelekwe kwa fundi mwenye mashine akachonge shimo la kukalia kioo. Mwaka 2015 Glock wakatoa bastola za MOS, zimechongwa tayari kiwandani na zina vibati vya kubadilisha. Januari 2017 jeshi la Marekani likaichagua SIG Sauer P320, ikaitwa M17, kwa mkataba unaoweza kufika dola milioni 580, nayo ina kibati cha kufungua ili kioo kikae. Mwaka 2021 FN wakatangaza kuwa polisi wa Los Angeles wamechukua 509 MRD-LE, nayo imetayarishwa kwa kioo.

Hapo ndipo penye mchezo wa wafanyabiashara. Kampuni nyingi zina mpangilio wao wa matundu. Cha Trijicon hakikai pa Leupold, cha Shield hakikai pa Aimpoint. Kama chaja za simu za zamani vile! Dawa yao ni kibati cha katikati: skrubu zinashika kibati kwenye slaidi, skrubu nyingine zinashika kioo kwenye kibati. Kila kiungo kinachoongezeka ni sehemu nyingine ya kulegea. Ndiyo maana mwaka 2025 Glock na Aimpoint walileta kioo cha COA, kinachojishika mbele na kukazwa nyuma kwa kabari, bila kibati.

Kulegea si jambo dogo, piga hesabu mwenyewe. Chukulia kitako cha kioo kina urefu wa sentimita 4.5. Upande mmoja ukiinuka robo ya milimita tu, kwenye shabaha ya mita 25 risasi inakwenda karibu sentimita 14 nje ya nukta. Askari anaona nukta iko sawasawa, risasi inakwenda kwa mpita njia. Kwa hiyo fundi makini husafisha mafuta kwenye matundu, hutia gundi ya skrubu, hukaza kwa bisibisi yenye kipimo badala ya nguvu za mkono, halafu huchora kamstari ka rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukiachana, skrubu imezunguka. Baada ya hapo lazima bastola ipelekwe uwanjani, ipigwe kwa umbali unaojulikana, nukta irekebishwe mpaka ikubaliane na risasi. Na alama za chuma zinabaki, ndefu kidogo, kwa siku betri itakapogoma.

Sasa turudi kwenye suala la maisha ya watu. Agosti 2012, karibu na Empire State Building jijini New York, polisi wawili walimfyatulia mtu mwenye silaha risasi 16. Wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Ripoti ya RAND ya mwaka 2008 ilionyesha kuwa polisi wa jiji hilo, wanaporushiana risasi na mtu, wanapata shabaha kwa asilimia 18 tu. Ukisoma hivyo unasema haya basi, wapewe vioo wote. Ngoja kwanza. Bastola zao zilikuwa na kifyatulio kizito cha pauni 12, zaidi ya kilo 5. Nukta haivuti kifyatulio. Na mgeni wa nukta huwa anaitafuta kwenye kakioo huku akiyumbisha mkono, mpaka afanye mazoezi ya kutosha ijitokeze yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: kifaa ni kizuri, lakini kukinunua ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo sehemu wakubwa wanayopenda kwa sababu ina tenda na picha za gazetini. Skrubu, ukaguzi wa kila mara, betri na risasi za mazoezi havina sherehe. Ukisikia idara yoyote imenunua vioo, uliza maswali matatu: nani anavifunga, nani anavikagua, na askari amepiga risasi ngapi za mazoezi kabla ya kuingia nacho mtaani. Majibu yasipokuwepo, wamenunua urembo. Na hata yakiwepo, nukta inakuonyesha risasi itapita wapi tu. Kama inastahili kutoka, hilo liko kwenye kichwa cha mwenye bastola.

Mnasemaje wadau? Kama kuna aliyewahi kulinda benki au kupita jeshini, atupe somo hapo chini. Matusi hapana, hoja tu.