Rubani Ambaye Hakutunguliwa

Wanafunzi wangu wengi wanamfahamu Roald Dahl kwa vitabu vyake vya watoto. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapa Dar es Salaam, kwamba alijifunza Kiswahili, na kwamba mwishoni mwa mwaka 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Wachache zaidi wanajua kuwa simulizi lililomfungulia njia ya uandishi, lililochapishwa Marekani katika jarida la Saturday Evening Post mwezi Agosti 1942, lilibeba uongo kwenye kichwa chake. Kichwa kilidai kwamba rubani huyo alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa, wala haikuwa Libya.

Tarehe 19 Septemba 1940, Dahl alikabidhiwa ndege aina ya Gladiator aipeleke kwenye kikosi chake kipya, Kikosi Na. 80, katika jangwa la magharibi mwa Misri. Kwa masimulizi yake mwenyewe, hakuwa amewahi kuirusha ndege ya aina hiyo, na kwa kuwa ilikuwa na kiti kimoja tu, hapakuwa na nafasi ya mwalimu. Aliposhuka Fouka kujaza mafuta alielekezwa mahali kikosi kilipo. Akaruka, akafika, akakuta jangwa tupu. Jua likazama, mafuta yakapungua, na alipojaribu kutua mchangani ndege ikagonga jiwe na kuwaka moto. Fuvu lake lilipasuka, pua ikabondeka, na kwa muda mrefu hakuona kitu. Risasi zilizolia jioni ile zilikuwa za ndege yake mwenyewe, zikilipuka kwa joto la moto.

Tofauti ya simulizi hizi mbili si ya maneno. Rubani aliyetunguliwa anamwachia adui lawama yote. Rubani aliyepotezwa na maelekezo mabaya anatulazimisha kuuliza nani aliyatoa, na kwa nini kijana asiyeijua ndege yake alirushwa peke yake kuelekea magharibi. Mwaka 1942 Dahl alikuwa ofisa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, na serikali yake ilihitaji Wamarekani wasikie habari za mashujaa, si za uzembe. Kwa heshima yake niseme kwamba baadaye alisahihisha habari hiyo mwenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 1986, Going Solo, hakuficha jambo.

Wala jangwani hakukuwa mwanzo. Vita vilipotangazwa, karani huyu wa mafuta mwenye umri wa miaka 22 alikabidhiwa askari wa King's African Rifles awaongoze kuwazuia Wajerumani wasitoroke Dar es Salaam. Askari wale walikuwa wameisomea kazi yao. Mkubwa wao hakuwa ameisomea.

Kisha ikaja Ugiriki. Aprili 1941, baada ya miezi ya hospitali huko Alexandria, alikwenda Eleusis, karibu na Athens, akiwa na saa chache tu za kuizoea Hurricane na bila somo lolote la kupigana angani. Aliyemfundisha ni rubani mwenzake, David Coke, aliyeshtuka kusikia hali hiyo akamweleza jioni moja namna ya kubaki hai. Tarehe 20 Aprili ndege zote za Hurricane zilizosalia, zisizofika 20, zilikutana na Wajerumani wengi kupindukia. Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini na rubani hodari kuliko wote pale, aliuawa siku hiyo. Dahl alirudi salama. Coke aliuawa kabla ya mwaka kwisha.

Najua nitaambiwa kwamba vita ni dharura, na dharura haina ratiba ya mafunzo. Nakubali. Lakini dharura inaeleza kwa nini kijana alitumwa. Haielezi kwa nini umma ulipewa habari nyingine. Na sisi tusio vitani tunajitetea kwa nini? Mwalimu anayepangiwa somo asilolisomea, mganga anayeachiwa zahanati peke yake mwezi wake wa kwanza kazini, hufundishwa jioni na mwenzake mwenye huruma, kama Coke. Mimi mwenyewe, katika kituo changu cha kwanza cha kazi, nilipewa kozi siku ya Ijumaa niianze Jumatatu. Aliyeniokoa ni jirani wa chumba cha pili aliyeniazima daftari zake. Mambo yakienda vizuri tunaitwa wazalendo wenye moyo wa kujituma. Yakienda vibaya, hutafutwa Mwitaliano wa kumsingizia: mazingira magumu, bajeti, wananchi wasioelewa. Sifa hizo ni rahisi kuliko mafunzo, ndiyo maana hutolewa kwa ukarimu.

Muhula huu nimewapa wanafunzi kazi ya kusoma maelezo yote mawili ya jioni ile, ya mwaka 1942 na ya mwaka 1986. Nimewaomba wahesabu, katika kila moja, ni sentensi ngapi zinazomhusu aliyetoa maelekezo pale Fouka.