Kubadilisha Tundu si Kubadilisha Stima

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mpenzi msomaji, mgeni ninayetaka kuzungumza juu yake katika kurasa hizi za chama chetu si mtu bali ni kisanduku. Ni kisanduku cha kuhifadhia stima, chenye mkono wa kukibebea, betri tumboni na matundu ya kuchomekea vitu upande wa mbele. Siku hizi jamaa zetu walio Marekani wanavituma nyumbani kama vile zamani watu walivyotumiwa saa na redio. Katika ukoo wetu peke yake nimehesabu vinne, viwili hapa Kitui na viwili ng'ambo ya mto Athi kule Makueni. Na vyote vinne vimefanyiwa jambo lile lile. Vimepelekwa kwa fundi sokoni, matundu ya Kimarekani yakang'olewa, na mahali pake pakatiwa soketi ya kwetu ya matundu matatu.

Mimi nasema jambo hilo ni kosa, tena kosa kubwa. Najua wapo watakaosema, "Huyu wa kidato cha tatu anajua nini?" Basi nitaanza na hasara tuliyoipata nyumbani kwetu, kisha walimu wangu wa Fizikia wanisahihishe nikipotoka.

Kwanza nieleze ni kwa nini visanduku hivi vinapendwa. Tarehe 25 Agosti 2023, nikiwa darasa la nane, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Nairobi uliingia gizani. Kwetu wengi walicheka wakasema leo hata wakubwa wameonja, kwa sababu huku giza si habari mpya. Upepo ukivuma kidogo, stima imekwenda. Mama yangu hakucheka. Yeye hufuga kuku wa kienyeji na ana inkubeta, yaani mashine ya kuangua vifaranga, inayobeba mayai 88. Mayai hayo yanataka joto la digrii 37 na nusu hivi, usiku na mchana kwa siku 21. Stima ikipotea saa nyingi, mama hupata hasara na majirani pia, kwa maana wapo wanaomletea mayai yao awaangulie kwa malipo. Kwa hivyo alimpigia mjomba simu, na mjomba akaahidi.

Kisanduku kilifika likizo ya Disemba iliyopita. Kiliteremkia Kibwezi kwa nyanya, nami nikatumwa kukifuata. Nilikipakata katika matatu kutoka Kibwezi hadi Mutomo kama mtoto mchanga, kila abiria akiuliza ni redio ya aina gani. Tulipokifungua tukakuta matundu membamba mawili yaliyosimama, na chini yake kitundu kimoja cha mviringo. Plagi ya inkubeta ina pini tatu nene za mraba. Haingii. Mama akaniambia tukipeleke kwa fundi.

Fundi huyo simtaji jina wala soko lake, kwa sababu ni mtu mwema na ametengeneza redio za kijiji kizima. Alipoanza kufungua skrubu niliona lebo upande wa nyuma, imeandikwa 120V, 60Hz, 500W. Nikamwuliza, "Mzee, hii 120 haina neno? Ya kwetu si 240?" Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo ni ya huko kwao," akasema. "Hapa ndipo tunapoibadilisha iwe ya kwetu. Mimi nilianza kazi hii kabla mama yako hajaolewa." Mama akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza. Jambo hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma mpaka leo, ijapokuwa hata kama ningebisha nisingejua la kusema. Niliona namba mbili zisizolingana, basi.

Sasa njooni usiku wa Februari. Stima ilipotea saa moja jioni, mayai yakiwa siku ya 16. Mama akachomeka inkubeta kwenye kisanduku kwa mara ya kwanza, na ile soketi mpya ikapokea plagi vizuri kabisa. Kile kioo kidogo cha namba kikawaka. Feni ikazunguka, ingawa polepole. Tukashukuru Mungu, tukamwombea mjomba baraka, tukalala. Saa nane usiku niliamka kwenda nje nikapitia kuangalia. Kioo kilisoma 32. Nikadhani kimeharibika, nikagusa mayai kwa mkono, na kweli yalikuwa yamepoa. Tukafunika mashine kwa blanketi mbili na koti la marehemu babu. Stima ilirudi saa nne asubuhi, mimi nikiwa shuleni. Katika mayai 88 walitoka vifaranga 19. Kati ya mayai yaliyooza, 30 yalikuwa ya jirani yetu mjane, na mama alimlipa kwa kuku wake mwenyewe waliokuwa wakitaga. Pesa zangu za chakula cha mchana cha muhula huu zilikuwa zitoke kwa kuku hao.

Nani wa kulaumiwa? Si mjomba, na kisanduku hakikuwa kibovu. Muhula huu tumesoma athari za joto za mkondo wa umeme, nikachukua kalamu nikafanya hesabu ambayo ningeifanya Disemba kama ningekuwa nimefundishwa. Waya wa joto wa inkubeta yetu ni wa wati 100 kwa volti 240. Zidisha 240 kwa 240, gawa kwa 100, utapata ukinzani wa omu 576. Waya huo huo ukipewa volti 120, zidisha 120 kwa 120, gawa kwa 576. Jibu ni wati 25. Volti zimepungua kwa nusu, lakini joto limepungua hadi robo! Usiku kucha mayai yalikuwa yakipashwa moto na robo ya joto lake. Na kioo cha namba kiliendelea kuwaka kwa sababu vidude kama hivyo vingi hutosheka na volti chache, ndipo kikatudanganya kwamba mambo ni shwari.

Soketi ni mlango tu. Ukibomoa mlango wa duka la sukari ukaweka mlango wa posho mill, hutaingia ukute unga. Stima ya kisanduku inatengenezwa na inveta iliyo ndani, nayo iliundwa itoe volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde, kwa matumizi ya Marekani. Ya kwetu Kenya ni volti 240, mizunguko 50. Hakuna soketi duniani inayoweza kugeuza hiyo iwe hii.

Ninalolitilia mkazo zaidi ni kwamba yale matundu ya kigeni yalikuwa onyo. Kutoingia kwa plagi ndiko kulikuwa kukituambia, "Ngojeni kwanza, hivi viwili si vya nyumba moja." Soketi yetu tuliirithi kwa Waingereza, ambao kanuni yake waliitoa mwaka 1947, na ina akili zake. Ile pini ya juu ni ndefu kuliko zingine ili iingie mwanzo, iunganishe waya wa ardhi na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Plagi nayo ina fiuzi ndani yake. Fundi wetu alipoweka soketi hiyo, tundu la juu hakuliunganisha popote. Kwa hiyo tulipata sura ya usalama bila usalama wenyewe, na mtu yeyote atakayekikuta kisanduku kile, hata nyanya, ataamini kinatoa stima ya kwetu kwa kuwa kina uso wa kwetu.

Lakini tusimcheke fundi peke yake. Ni nani kati yetu, hapa shuleni, ambaye hajawahi kusukuma kifuniko cha kalamu ya biro katika tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie chini? Nimeona mabweni ya rafiki zangu wa shule za kulala, nimeona vinyozi, nimejiona mimi mwenyewe. Tumezoea kudhani kwamba kazi imekwisha kitu kikishaingia.

Wapo watakaonipinga wakisema, "Mbona kwetu tulibadilisha na simu zinachaji, hata televisheni inaonyesha?" Ni kweli, na nadhani ndiyo sababu fundi alijiamini, kwa maana wateja wake wengi walirudi wakimsifu. Tazama chaja ya simu yako kwa makini, pale penye maandishi madogo. Nyingi zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Chaja ya namna hiyo inakula stima ya Marekani na ya Kenya bila kulalamika, na televisheni nyingi za kisasa ni vivyo hivyo. Hata chaja ya kisanduku chetu imeandikwa hivyo, ndiyo maana kilichajiwa ukutani Mutomo bila shida, tukadhani kinachopokea stima yetu lazima kitoe stima yetu. Kumbe kinywa kinakubali zote mbili, lakini kinachotoka ni kimoja. Kwa vitu vya aina hiyo adapta ndogo ya kununua dukani inatosha, na hakuna haja ya kukata kisanduku. Kwa vitu vilivyoandikwa 220-240V tu, kama birika, pasi, friji au inkubeta ya mama, adapta wala soketi mpya haisaidii kitu. Pasi itakuwa vuguvugu na wewe utatukana kampuni. Friji ndiyo mbaya zaidi, maana mota ikishindwa kuzunguka inaweza kuungua.

Na kinyume chake ni kibaya kupita hayo. Binamu yangu wa Makueni aliletewa mashine ya kunyolea kutoka huko huko. Ni ya volti 120 tu. Akaivalisha adapta, akaichomeka ukutani, ikalia kama nyuki waliochokozwa, ikatoa moshi mteja akiwa amenyolewa nusu. Kichwa kilimaliziwa na wembe.

Haya, tufanye nini basi? Ipo transfoma ya kupandisha volti kutoka 120 hadi 240, lakini ni nzito, inakula sehemu ya stima ya betri, na lazima iwe na nguvu kushinda kitu unachokitumia. Mizunguko nayo itabaki 60. Mwenye nafasi amwambie jamaa yake mapema asinunue cha huko, anunue kilichoandikwa 230V au 240V. Sisi tulikuwa tumekwisha kupewa, na zawadi hairudishwi. Tulichofanya ni kuiacha ile stima ya 120 kabisa. Kisanduku kina tundu la mviringo kama la sigareti la gari, linalotoa volti 12, na volti 12 ni zile zile Marekani na Mutomo. Tumenunua waya wa joto wa volti 12, wati 80, na feni yake. Tundu hilo linaruhusu ampea 10, yaani wati 120, kwa hiyo linatosha. Mchana kisanduku kinachajiwa na paneli ya jua, na jua ndilo kitu ambacho Kitui na Makueni hatujawahi kuomba kwa mtu. Tumeibadilisha inkubeta, ambayo tunaijua ndani na nje, tukamwacha mgeni alivyo. Ndani ya visanduku hivi mna betri za lithiamu na sehemu zinazoshika stima hata baada ya kuzimwa. Si mahali pa kuchezea bisibisi.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka anayetia nyaya za stima majumbani awe na leseni kutoka EPRA. Kisanduku kinachofunguliwa juu ya meza sokoni hakuna anayekiuliza leseni. Siombi askari watumwe kwa mafundi wetu. Ninachokiomba ni mambo mawili ya hapa hapa shuleni.

La kwanza ni kwa idara ya sayansi. Umeme wa majumbani tunausoma kidato cha nne, na wengi wetu wanaacha Fizikia baada ya kidato cha pili. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumaliza shule asijue 240V ni nini, ilhali jioni anarudi nyumbani yenye soketi. Nusu saa ya gwaride la Ijumaa ingetosha kutufundisha kusoma lebo. La pili ni kwa chama chetu hiki cha Kiswahili. Lebo zote zimeandikwa Kiingereza kwa herufi za kuumiza macho. Tutunge karatasi moja yenye maneno ya lebo kwa Kiswahili na kwa Kikamba, tuibandike katika vibanda vya mafundi wa soko letu. Mimi nimekwisha kuanza, na nimekwama katika neno la Kikamba la volti. Mwenye nalo aniletee.

Jumamosi iliyopita nilipita kwa yule fundi kununua waya. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya mama. Mezani kulikuwa na kisanduku kingine kutoka ng'ambo, rangi ya chungwa, matundu yake yameshang'olewa. Nikamwuliza, "Mzee, hiki ni cha volti ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akakigeuza, akashusha miwani, akaanza kuitafuta lebo.