Barua ya Wazi kwa Baraza la Wasimamizi wa Shule za Houston, Mintarafu ya Deni Lililokataliwa

Waheshimiwa,

Nawaandikieni kwa lugha isiyokuwamo katika karatasi za kura za Kaunti ya Harris, zinazotolewa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, kwa kuwa maswali nitakayoyataja humu niliyasikia kwa Kiswahili, vyumbani mwa wapangaji wa mitaa ya Gulfton na Sharpstown, kwa watu waliofika Texas kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao watoto wao wamo madarasani mwenu, na ambao baadhi yao wamekwisha kula kiapo cha uraia na kupata haki ya kupiga kura.

Mwezi Novemba 2024 mliwataka wapiga kura idhini ya kukopa dola bilioni 4.4 kwa njia ya hatifungani: bilioni 3.96 kwa majengo, mitambo ya kupoza hewa, usalama wa shule na kuondoa madini ya risasi katika maji, na milioni 440 kwa vyombo vya teknolojia. Takriban watu 58 katika kila 100 wakayakataa maombi yote mawili. Mwenye haraka atadhani ni ubahili. Lakini mji huu huu, mwaka 2012, uliridhia deni la bilioni 1.89, na joto la Agosti, ambalo darasa lenye mtambo mbovu haliwezi kulistahimili, halijapungua tangu wakati huo.

Jambo lililowatatiza wengi ni kodi. Nyinyi mlisema kiwango hakitapanda; karatasi ya kura, kwa herufi kubwa, ikasema kwamba hili ni ongezeko la kodi ya mali. Mpiga kura aliyepita orodha ndefu tangu urais hadi mahakimu, kisha akayakuta maneno hayo karibu na mwisho, alikuwa na haki ya kujiuliza ni nani anayemdanganya. Kwa insafu, hakuna aliyemdanganya: maneno yale yameamriwa na sheria ya Texas ya mwaka 2019 yaandikwe katika kila ombi la hatifungani ya shule, kiwango kipande kisipande, nanyi mlikuwa mkihesabu kwamba madeni ya zamani yakiisha kulipwa, jipya litashika mahali pake. Ila maana ya hesabu hiyo ni kwamba kodi ambayo ingaliweza kushuka haitashuka, na kwamba thamani ya nyumba ikipanda, malipo nayo hupanda, ijapokuwa kiwango kimesimama pale pale. Hili lilistahiki kusemwa kwanza, na kwa kinywa chenu wenyewe.

Tena wapo wapangaji, ambao ndio wengi katika mitaa niliyoitaja. Sheria inaagiza mtoe waraka wenye jumla ya deni na riba yake, pamoja na makadirio ya kodi kwa mwenye kukaa katika nyumba yake ya thamani ya dola 100,000. Na mwenye nyumba aliyetimiza miaka 65 anayo kinga, kodi yake ya shule ikiwekewa mpaka. Mpangaji haoni waraka wowote wa kodi, bali anaona pango tu, na jumba la kupangisha halipati ule msamaha apewao mtu akaaye kwake. Mwanamke anayesafisha ofisi usiku aliponiuliza kama deni hili linamhusu, nilimjibu kwamba linamhusu, kwa mkono wa mwenye jumba. Nami ningalipenda jibu hilo litoke kwenu.

Swali la mishahara nalipita upesi, maana jibu lake ni jepesi: fedha za hatifungani haziruhusiwi kumlipa mwalimu, ambaye hulipwa katika fungu jingine, linalotegemea mahudhurio ya watoto. Gumu zaidi ni lile linalofuata. Ikiwa wanafunzi wamepungua kutoka zaidi ya 210,000 katika muongo uliopita hadi chini ya 180,000, majengo mapya ni ya nani, na shule zipi zitaunganishwa chini ya paa moja?

Sasa nifike penye fundo lenyewe. Anayeikopesha wilaya ya shule hana hofu, kwa sababu Hazina ya Kudumu ya Shule ya Texas, iliyoasisiwa mwaka 1854, huweza kumdhamini, hata wilaya ikishindwa kulipa yeye alipwe. Na mlipaji, dhamana yake ni ipi? Tangu zamani ilikuwa kura yake, kwamba aliyekopa vibaya ataondolewa. Baraza lenu liliteuliwa na serikali ya jimbo mwaka 2023, na muda wa usimamizi huo umeongezwa hadi mwaka 2027, ilhali hatifungani hulipwa kwa miaka 20, pengine 30. Yaani mlitaka saini ya watu wasioweza kuwaondoa, juu ya deni litakalobaki baada yenu. Fauka ya hayo, mlitaka saini hiyo kwa wazazi walioona maktaba za shule kadhaa zikifungwa chini ya uongozi huu.

Huko tulikotoka, shule nyingi zimejengwa kwa michango ya wanakijiji, na siku ya mkutano kamati husoma daftari hadharani, mifuko ya saruji mingapi, mabati mangapi, fundi kalipwa nini, na mzee yeyote huweza kuinuka akauliza misumari imekwenda wapi. Hatuwataki zaidi ya hayo. Kabla ya kurudi kwetu na ombi jingine, tuleteeni hesabu za lile deni la 2012, shule kwa shule, makadirio na matumizi, palipozidi na sababu yake. Njooni jioni, baada ya zamu za kazi, katika ukumbi wa Gulfton wenyewe, na mkalimani wa Kiswahili akiwapo. Picha za majengo mapya zingoje mwisho wa mkutano; tufungulieni kwanza ukurasa wa riba.

Wasalaam,

Mzazi na mpangaji, kusini-magharibi mwa Houston