Mizani ya Kliniki Isimsahau Mama

Siku ya kliniki mama hufika asubuhi na mtoto mgongoni, hukaa kwenye foleni, na zamu yake inapowadia mtoto huvuliwa nguo, hupimwa uzito, na uzito huo huandikwa kwenye kadi. Mstari wa ukuaji ukishuka, mhudumu huuliza: Ananyonya vizuri? Anakula nini? Aliugua? Utaratibu huo ni mzuri na umewezesha watoto wengi wenye utapiamlo kugunduliwa mapema. Lakini mwanamke aliyembeba mtoto huyo hurudi nyumbani bila kupimwa. Alipokuwa mjamzito uzito wake uliandikwa kila hudhurio; tangu ajifungue, mara nyingi hakuna anayeuuliza tena hadi mimba nyingine imrudishe kliniki. Kimya hicho kina madhara, na kukivunja hakuhitaji gharama kubwa.

Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Eduardo Villamor na Sven Cnattingius uliofuatilia wanawake 151,025 wa Sweden waliojifungua mtoto wa kwanza na wa pili kati ya 1992 na 2001. Watafiti walilinganisha uwiano wa uzito na urefu wa kila mama mwanzoni mwa mimba zote mbili. Uwiano huo hupatikana kwa kugawa uzito wa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita. Wanawake ambao uwiano wao uliongezeka kwa vizio 3 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata matatizo katika mimba ya pili kuliko wale ambao uwiano wao haukubadilika sana: dalili za awali za kifafa cha mimba kwa asilimia 78 zaidi, mtoto kuzaliwa mfu kwa asilimia 63 zaidi, na kisukari cha mimba takriban mara mbili.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba hatari iliongezeka hata kwa wanawake ambao uzito wao ulikuwa wa kawaida katika mimba zote mbili. Mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 55 ana uwiano wa 21.5. Akifikisha kilo 63 kabla ya mimba ya pili, uwiano wake ni 24.6. Bado yumo ndani ya kiwango cha kawaida, ambacho ni 18.5 hadi 24.9, hakuna atakayemwita mnene, na mhudumu anayemwona kwa mara ya kwanza hataona tatizo. Hata hivyo ameongezeka vizio 3. Kipimo cha siku moja hakiwezi kuonyesha badiliko hilo. Kinachoweza kulionyesha ni kumbukumbu ya vipimo vilivyotangulia.

Huenda ikasemwa kwamba Sweden si Tanzania. Ni kweli, lakini Tanzania nayo inabadilika. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafikia asilimia 28 mwaka 2015–16. Zaidi ya hayo, wajawazito wengi nchini huanza kliniki mimba ikiwa imepita miezi mitatu. Uzito unaoandikwa siku hiyo tayari umechanganyika na uzito wa mimba, hivyo hautoi picha sahihi ya hali ya mama kabla ya kushika mimba. Mahali ambapo mama huchelewa kuanza kliniki ndipo panapohitaji zaidi kumpima kati ya mimba moja na nyingine.

Mizani hiyo ingemfaa pia mama anayekonda. Mwanamke anayenyonyesha huhitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku. Akikosa chakula cha kutosha, kisha akashika mimba nyingine kabla mwili haujarejesha nguvu, huingia katika mimba hiyo akiwa na akiba ndogo, naye huwa katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Vilevile, kupungua uzito bila sababu inayojulikana kunapaswa kumfanya mhudumu afikirie kifua kikuu, virusi vya ukimwi, kisukari au sonona baada ya uzazi.

Kikwazo kimojawapo ni maana ambayo jamii huupa mwili wa mzazi. Mama aliyenenepa baada ya arobaini husifiwa kwamba ametunzwa. Aliyepungua husengenywa kuwa ni mgonjwa au ndoa ina matatizo. Mtori, supu na uji wa uzazi ni matunzo yenye thamani, na hakuna sababu ya kuyadharau. Tatizo huja pale chakula cha wiki za mwanzo kinapoendelea kwa kiasi kilekile mwaka mzima huku mwili haufanyi kazi yake ya kawaida. Hilo halielezwi kwa kumkaripia mama wala kumtajia uzito wake mbele ya foleni. Huelezwa faraghani, kwa heshima, na inapowezekana mume au mama mkwe anayesimamia jiko akiwepo kwa ridhaa ya mama mwenyewe. Anayehofia kwamba sindano ya uzazi wa mpango inamnenepesha asikilizwe, kwa kuwa sindano ya miezi mitatu huweza kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Aelezwe njia nyingine badala ya kuachwa aikatize peke yake.

Wahudumu wana kazi nyingi, na foleni ni ndefu. Lakini mizani ya watu wazima tayari ipo katika kliniki zinazohudumia wajawazito, na mama tayari yupo: humleta mtoto kwa chanjo katika wiki ya 6, 10 na 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Apimwe siku hizo hizo, na uzito wake uandikwe kwenye kadi anayoitunza mwenyewe, pamoja na urefu wake. Ukipanda au kushuka kwa vizio 2, yaani takriban kilo 5 kwa mwenye urefu wa sentimita 160, mazungumzo yaanze wakati huo, kabla ya mimba nyingine.

Wakati utaratibu huo unasubiriwa, mama anayempeleka mtoto kliniki ana haki ya kuomba naye apande kwenye mizani. Ombi hilo huchukua dakika moja, na mhudumu hana sababu ya kulikataa.